Daftari la Watani

1

Bangili ya Editruda Kihwele ilisema msichana anaumia, lakini haikusema ni nani anayemuumiza.

Mwalimu Leokadia Mgaya aliliona jambo hilo Jumatano asubuhi, katika ofisi ya walimu ya Sekondari ya Kitulime, chai ikiwa bado jikoni na ukungu wa mlimani ukiwa bado umelala juu ya uwanja wa mpira. Alikuwa amewasha kioo cha mtambo unaozisoma bangili za wanafunzi ili apate takwimu za kumpelekea mkuu wa shule, na takwimu zenyewe zilikuwa za kujivunia. Muhula mzima, wanafunzi mia nne na tisini, jumbe zilizofika hatua ya kumuumiza mtu zilikuwa sita tu. Ndipo akauona mstari wa Editruda, wa kidato cha tatu B. Kila siku ya shule, saa nne na dakika chache, wakati wa mapumziko ambapo wanafunzi hurudishiwa simu zao, mstari ule uliporomoka. Moyo mbio, pumzi fupi, viganja vimelowa jasho. Wiki tatu mfululizo. Na katika safu ya mtumaji, ambako jina la mkosaji hujitokeza lenyewe, palikuwa peupe.

Jambo hilo halikuwezekana, au ndivyo Leokadia alivyoamini. Bangili haikuwa na kazi nyingi. Mwanafunzi akimtumia mwenzake ujumbe na mwili wa mpokeaji ukashtuka kwa maumivu, bangili ya mtumaji ilimrudishia mshtuko uleule kwa sekunde tisini: moyo wake ulikwenda mbio, koo likamkaba, tumbo likaingiwa na baridi. Watu waliuita mwangwi. Sheria ilikuwa imeuamuru kwa sekondari zote mwaka wa saba sasa, na Leokadia, aliyefundisha Stadi za Mtandao tangu zama za mabango ya kutundika ukutani, aliuheshimu. Mabango yenyewe aliyaandika kwa mkono wake: fikiri kabla hujatuma, ukiona mwenzio anaonewa toa taarifa. Chini ya mabango hayohayo watoto walitukanana mpaka wengine wakahama shule. Bangili ilikuja, na kwa mwezi mmoja ikafanya kazi ambayo yeye na gundi yake walishindwa kuifanya kwa miaka tisa.

Siku moja ilizizidi nyingine zote. Alhamisi ya wiki iliyopita, mstari wa Editruda ulikuwa umeanguka mpaka chini kabisa ya kioo, saa tano na robo, katikati ya masomo, wakati simu za darasa zima zimefungiwa kwenye sanduku. Leokadia aliangalia ratiba, akaona kwamba kipindi hicho kilikuwa chake mwenyewe. Alikikumbuka vizuri, kilichangamka, watoto walicheka, naye alitoka darasani akiwa na furaha. Kama mtoto angeumia pale, yeye angekuwa wa kwanza kumwona. Tena bila simu hakuna ujumbe, na bila ujumbe hakuna mkosaji. Alichukua kalamu akaandika kwenye kijitabu chake kwamba huenda bangili ya Kihwele ni mbovu, kisha akaenda kumimina chai.

2

Alikuwa katikati ya kikombe alipokumbuka kwamba wako watu ambao mtambo umekatazwa kuwataja, na kwamba aliyeukataza ni yeye.

Miaka minne nyuma alikuwa amefariki mzee Mhapa, mpishi wa shule, Mhehe wa kutoka upande wa Iringa. Wangoni ni watani wa Wahehe tangu mababu zao walipochoka kupigana, na siku ya mazishi walitimiza wajibu wao bila kuombwa. Walichimba kaburi, walichota maji, walisugua masufuria, na jeneza lilipotoka nje wakaziba njia. Mmoja alikuwa amevaa aproni ya marehemu na kudai kwamba mzee hatakwenda popote mpaka arudishe mwiko wa watu. Wafiwa walicheka huku machozi yakiwatiririka, na hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Wanafunzi wa Kingoni nao wakaandika utani huo kwenye simu zao, wakiwatumia wajukuu wa marehemu waliokuwa wakisoma hapohapo.

Bangili hazikuelewa. Ziliona miili ya watu wenye huzuni, zikaona maneno ya kejeli, zikayajumlisha. Wanafunzi watano walianguka palepale makaburini wakitafuta pumzi, mmoja wao akiwa bado ameshika jembe.

Leokadia alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika kazini. Aliwaandikia wakubwa wa mtambo barua ya kurasa tisa, akieleza kwamba huwezi kuja katika nchi ya watu, ukakuta jambo lililowaponya wasiuane, ukaliita uonevu. Wakubwa hao, kwa mshangao wake, walikubali. Likaanzishwa daftari. Wanafunzi wawili wakiandikishwa humo kuwa watani, mtambo haukurudisha mwangwi kati yao wala kutaja jina la aliyetuma. Uliuhifadhi tu, ukakaa kimya. Shule nyingine arobaini ziliiga. Cheti cha pongezi kilikuwa kimetundikwa juu ya birika la ofisini, na kila mgeni aliyekuja kunywa chai alikisoma.

Sasa alilifungua daftari lake kwenye kioo, akatafuta jina la Editruda, aliyekuwa Mhehe. Watani wake walikuwa kumi na wanne.

Leokadia alihesabu tena. Katika kidato cha tatu B, chenye watoto thelathini na wanane, Mngoni aliyemjua alikuwa mmoja tu, Gaudensi Ngonyani, kijana mrefu mwenye domo, na huyo aliorodheshwa wa kwanza kwa haki yake. Wa pili alikuwa Vaileth Mwalongo. Vaileth alikuwa Mbena wa pale pale, na shangazi yake aliimba kwaya moja na Leokadia. Kwenye fomu yake, mahali pa kueleza asili ya utani, alikuwa ameandika: bibi mzaa mama ni Mngoni. Wa tatu aliandika vilevile. Wa nne naye vilevile, tena kwa mwandiko uleule. Watoto kumi na watatu wa darasa moja walikuwa wamepata bibi wa Kingoni ndani ya juma moja.

Chini ya kila fomu palitakiwa sahihi ya mwalimu mlezi wa daftari, na kila fomu ilikuwa nayo. Ilikuwa sahihi yake. Aliikumbuka hata siku yenyewe, wiki ya mitihani, fomu zimeletwa kwa rundo, naye akizisaini huku akizungumza na mwenzake habari za mbegu za viazi.

Kama mlezi aliruhusiwa kusoma jumbe zao. Kundi lao waliliita Watani wa Edi. Editruda alikuwa na kigugumizi, na mtu alimrekodi akijisomea kwa sauti darasani wakati wa mapumziko. Utani wa kwanza ulikuwa wa Gaudensi, nao ulikuwa wa kawaida tu: kwamba Mhehe kaikamata herufi, haiachii, anaidai mahari. Halafu wakaingia wale wengine. Vaileth aliichukua sauti ile akaipa programu ya kutunga muziki, na kuanzia hapo, kila siku saa nne, kundi lilipata wimbo mpya ambao ngoma yake ilikuwa silabi iliyomkwama Editruda kooni. Nyimbo zilikuwa nzuri, hilo ndilo lililomchukiza Leokadia zaidi. Zilichezeka.

Chini ya kila wimbo Editruda alikuwa ameweka kikaragosi kinachocheka. Hakuruka hata mmoja. Mtani hakasiriki, na kila mtoto hulijua hilo tangu akiwa mgongoni mwa bibi yake; ukinuna umeshindwa, na watu wanakucheka mara mbili.

Leokadia alizima kioo. Chai ilikuwa imepoa, na alijisikia mjinga, mjinga mwenye cheti.

3

Mkuu wa shule, Bwana Lutengano Mwakalobo, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akauliza sheria inasema nini. Sheria ilikuwa wazi. Udanganyifu ukigunduliwa katika daftari, miangwi yote iliyohifadhiwa hurudishwa kwa wenyewe baada ya siku mbili. Leokadia alipofungua zile fomu mtambo ulikuwa umeshagundua na umeshaanza kuhesabu: Ijumaa, saa kumi alasiri.

Bwana Mwakalobo alisema ni vizuri sana. Wiki tatu kwa mkupuo mmoja, kila mmoja apokee fungu lake, na muuguzi akae karibu na ndoo ya maji. Hawatarudia.

Leokadia hakupinga. Kusema kweli alifurahi, na furaha ile haikuwa ya kiualimu. Alimwona Vaileth katika mawazo yake akishika koo lake mwenyewe, naye akaona ni haki. Aliuliza tu, kwa kutimiza wajibu, kama upo utaratibu mwingine.

Ulikuwepo mmoja. Mlezi wa daftari angeweza kuizuia miangwi isiende kwa watoto, ikafutwa, lakini kwa sharti kwamba mtu mzima mmoja, kwa ridhaa ya mwanafunzi aliyeumia, avae bangili na kuisikia yote kwanza. Sharti hilo liliwekwa makusudi, ili wakuu wa shule wasifute aibu zao kimyakimya.

"Na nani atakubali hilo, Madam Mgaya?" aliuliza Bwana Mwakalobo, akafunga jalada.

4

Alimkuta Editruda kwenye kitalu cha miche ya mapeasi nyuma ya bweni, akipalilia peke yake. Msichana alisimama, akafuta mikono kwenye sketi, akaamkia. Leokadia aliitikia marahaba, akachuchumaa, naye akaanza kung'oa magugu. Aliona ni rahisi kuongea na mtoto mikono ikiwa na kazi.

Alimweleza yote bila kuficha. Kwamba ameziona nyimbo. Kwamba fomu zilikuwa za uongo. Kwamba Ijumaa saa kumi wale kumi na wanne watayasikia maumivu yake, yote, na mambo yatakwisha. Alitazamia mtoto apumue kwa nafuu, hata pengine alie kidogo.

Editruda alikuwa amesimamisha mikono. Alisema hataki.

Alipata shida kulitoa neno lililofuata, na Leokadia, kama alivyofanya siku zote kwa nia njema, akamsaidia. Unaogopa watakulipizia, akasema. Editruda akatikisa kichwa. Unawaonea huruma? Akatikisa tena. Leokadia akanyamaza, si kwa hekima, ni kwamba maneno ya kumpa yalikuwa yamemwishia.

Basi Editruda akaeleza mwenyewe, polepole. Akiwa kidato cha kwanza, msichana mmoja alimwandikia neno baya, na bangili ikamrudishia. Msichana yule alikuja kuomba radhi, akapiga magoti kabisa. Halafu jioni akawasimulia bweni zima jinsi moyo wa Edi unavyokimbia, jinsi anavyolowa viganja, jinsi tumbo linavyomshuka. Aliyajua yote kwa sababu yalikuwa yamepita mwilini mwake. Toka siku hiyo, wakitaka kumpata walijua pa kubonyeza, tena hata bila simu.

"Hawa wanajua nacheka, madam," alisema. "Hicho tu ndicho nilicho nacho. Mkiwarudishia, mnawapa na hicho."

Leokadia alibaki na gugu mkononi. Miaka saba alikuwa amewafundisha watoto kwamba aonewaye hapotezi kitu mwangwi ukirudi, na katika miaka saba hiyo hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao. Alijisikia vibaya, akaona hana pa kwenda isipokuwa mbele, akamweleza ule utaratibu wa pili: mtu mzima mmoja asikilize yote, kisha yafutwe, na wale kumi na wanne wasijue lolote.

Editruda aliuliza ni nani. Leokadia akamtajia: mkuu wa shule, muuguzi, au mshauri wa wanafunzi kutoka wilayani, yeyote atakayemchagua. Msichana aliushindilia udongo mche wa peasi.

"Wewe," alisema. "Maana wewe ndiye uli... uli..."

"Niliyesaini," Leokadia akammalizia. "Ni kweli. Ni haki yako."

Editruda alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akainama, akaendelea kupalilia.

5

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, kipindi cha kidato cha tatu B. Leokadia aliingia na daftari lililochapwa kwenye karatasi, akawaambia wafunge vitabu. Hakutaja nyimbo. Hakutaja maumivu ya mtu. Alisema daftari la watani linahakikiwa shule nzima, kuanzia darasa hili, na kila aliyeandikishwa atajibu maswali mawili: ndugu ambaye utani huo unapitia kwake anaitwa nani na kwao ni wapi, na je, mtani wake alipofiwa au kuugua, yeye alifanya nini.

Darasa lilicheka. Walidhani ni mchezo, na mwanzo ulikuwa kweli kama mchezo. Msukuma mmoja na Mzaramo mmoja, watoto wa watumishi waliohamia, walieleza jinsi walivyouguzana homa bwenini huku wakigawana kwa sauti urithi wa mgonjwa. Wakabaki. Wengine wawili wakashindwa, wakafutwa kwa mstari wa kalamu. Halafu akalifikia jina la Editruda Kihwele, na kwa sababu alikuwa amekwenda kwa mpangilio wa alfabeti, hakuna aliyeweza kusema kwamba amelilenga.

Aliwakumbusha kwamba bibi yake Editruda alizikwa miezi miwili iliyopita, huko Lugema, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka shuleni. Akamwita Vaileth.

Vaileth alisimama wima, uso mkavu. Bibi yake Mngoni, alisema, anaitwa Bibi Songea.

Leokadia aliuliza kama anaitwa Songea au anatoka Songea.

"Vyote, madam," alijibu Vaileth, na darasa likaangua kicheko, safari hii wakimcheka yeye.

Leokadia hakucheka. Alimuuliza swali la pili. Siku ile ya mazishi, je, alichota maji? Aliosha chombo? Alitia hata ukuni mmoja mekoni? Vaileth alisema alikuwa na mazoezi ya mpira wa pete. Leokadia akapiga mstari. Akamwita wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kicheko kilipungua kadiri majina yalivyokwenda. Wa sita hakusubiri kuulizwa. Alisimama akasema mwalimu afute tu. Kufikia wa kumi na watatu ilisikika kalamu peke yake.

Gaudensi Ngonyani aliachwa wa mwisho. Kijana alisimama, akiikwepa meza ya Editruda kwa macho.

"Mimi nilikwenda, madam. Nilichimba na babu. Nikaingia kaburini nikakataa kutoka mpaka wakanipa kuku."

"Ni kweli," alisema Editruda kutoka nyuma, bila kukwama hata kidogo. "Jogoo wetu."

Watu wakacheka, naye akacheka, na Leokadia aliona kwamba kicheko hiki cha Editruda kilikuwa tofauti na kile cha vikaragosi vya kwenye simu, kilimfika mabegani. Alisubiri kikatulia. Kisha akamuuliza Gaudensi kama hakuwaona hao watani wenzake wapya.

Gaudensi alikuna shingo. Alisema aliwaona, na alishangaa ndugu zake wameongezeka ghafla, tena hata salamu ya Kingoni hawaijui. Lakini yeye ndiye aliyeanza ule utani wa herufi, kwa hiyo aliona hana mdomo wa kuwazuia.

"Ukashangaa, ukanyamaza," alisema Leokadia.

"Ndiyo, madam. Nikanyamaza."

Alikaa chini akiwa ameinamisha kichwa, na hakuna bangili iliyokuwa imemfanya chochote. Leokadia aliwaambia kwamba kuanzia dakika ile kila aliyefutwa ni mtu kama mtu mwingine kwa Editruda, na ujumbe wake utapimwa kama ujumbe wa mtu mwingine. Mapumziko ya kesho yake, saa nne, kundi la Watani wa Edi lilikuwa na watu wawili, na hakuna wimbo ulioingia.

Mkuu wa shule alimsifu. Leokadia hakusikia raha aliyoitegemea, kwa sababu saa kumi ya Ijumaa hiyohiyo ilikuwa mbele yake.

6

Walikaa ofisini, yeye na Bwana Mwakalobo kama shahidi. Mtambo ulisema wiki tatu, pamoja na kila kingine kilichoandikwa na bangili ya Editruda hata bila ujumbe, zimebanwa zikawa dakika ishirini na mbili. Kwenye kioo zingepita tarehe na saa tu, bila jina wala neno. Leokadia alivua saa yake, akavaa bangili, akaweka mikono juu ya meza.

Wimbo wa kwanza ulimpata tumboni. Hakusikia muziki, ila alijua ni wimbo: baridi ilishuka, kisha joto likapanda usoni, moyo ukaanza kukimbia kana kwamba kuna mahali pa kufika. Sekunde chache baadaye mashavu yake yalivutika yenyewe, na akatambua kwamba hapo ndipo Editruda alipokuwa akitabasamu. Hicho ndicho kilichouma kuliko baridi. Siku ya pili hivyohivyo. Ya tatu, ya nne. Baada ya wiki moja alikuwa ameshayazoea, kama alivyoyazoea mwenyewe msichana, na alianza kupumua kabla baridi haijaja. Bwana Mwakalobo aliuliza kama asimamishe. Alitikisa kichwa.

Halafu kioo kikaonyesha Alhamisi, saa tano na robo.

Bangili mbovu, alifikiri, na papo hapo koo lake likafunga. Neno lilikuwa limesimama pale, neno kamili, analijua, halitoki. Akaikumbuka siku yenyewe. Alikuwa ameuliza swali kuhusu siri za watu mtandaoni, na Editruda alisimama kujibu, akakwama. Vaileth akaimba ile silabi kwa mahadhi ya wimbo, na darasa zima likaitikia. Baridi ikaja tumboni, ileile, Leokadia aliitambua, akajiandaa kuipokea kama alivyozipokea nyingine.

Chini yake palikuwa na nyingine. Ilikuja baadaye kidogo, na hakuna wimbo uliofanana nayo. Moyo haukukimbia safari hii, ulilegea. Mikono ikafa ganzi. Lile neno lililokuwa kooni likarudi chini, likakaa, na kukawa hakuna haja tena ya kulisema. Leokadia alijua ni wakati gani huo, kwa kuwa alijua alichofanya yeye darasa lilipokuwa likiimba. Alikuwa ameegemea meza, ameufunika mdomo kwa kitabu cha mahudhurio, akicheka. Alikuwa amesema, "Haya watani, msimmalize mwenzenu." Kisha akalijibu lile swali mwenyewe, akamwambia Editruda akae, akaendelea na somo.

Alitoka darasani akiwa na furaha. Alishaikumbuka furaha hiyo Jumatano asubuhi, kabla hajaenda kumimina chai.

Siku zilizobaki zilipita, na alizipokea zote. Ilipokwisha, kioo kiliandika kwamba kumbukumbu imefutwa. Bwana Mwakalobo alimsogezea maji. Aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa kawaida yake, kama ilikuwa nyimbo tu. Leokadia alisema yaliyomo si ya kwake kuyasimulia. Akasimama, akakitoa kile cheti juu ya birika, akakitia kwenye droo, akatoka.

Editruda alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi, mkoba mapajani. Alisimama.

"Umesikia yote, madam?"

"Yote," alisema Leokadia. "Na ya Alhamisi."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Akaanza kusema jambo, na jambo likamkwama palepale mwanzoni. Leokadia alijua ni nini, au alidhani anajua. Maneno matatu ya kumpa yalikuwa yameshamjia mdomoni, mazuri, ya huruma. Aliyameza. Kengele ya kufagia ililia, wanafunzi wakapita na mifagio yao, wengine wakigeuka kuwatazama mwalimu na mwanafunzi waliosimama bila kuongea. Ilichukua muda. Leokadia alisimama pale, mikono chini, akasubiri.

"Siku ile kitaluni," alisema Editruda hatimaye, "sikutaka kusema uliyesaini."

Akavuta pumzi, akaanza tena, na mwalimu wake akasubiri tena.

"Nilitaka kusema uliyecheka."